Fimbo ya Puli Si Ng'ombe

Kuna maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno kwenye meza za puli karibu na hosteli yetu hapa Kampala, na leo nataka kuyapinga hadharani. Maneno yenyewe ni haya: "Fimbo iliyochongwa na fundi kwa oda haishuki bei. Nunua, cheza nayo, ukichoka uza kwa faida. Ni sawa na kununua kiwanja." Wanaoyasema ni vijana wenzetu ambao hawajawahi kuuza hata fimbo moja, na wafanyabiashara ambao wanazo za kuuza. Mimi nasema ni maneno ya kupoteza watu.

Sisemi hivyo kwa wivu. Mwaka jana nilitoa shilingi 1,800,000, ambazo zilikuwa karo yangu ya muhula, nikanunua fimbo ya namna hiyo. "Mdogo wangu," muuzaji aliniambia, "hii imetoka Marekani, imechongwa kwa mkono. Mwisho wa muhula ukitaka kuirudisha, mimi mwenyewe nitakuongezea." Sikuuliza aliyeichonga ni nani. Wiki ya kulipa karo ilipofika nikairudisha, naye akanijibu kwamba soko limelala. Nilizunguka nayo siku nne. Aliyefika bei ya juu kabisa alinipa 500,000. Zilizobaki zilitoka Masindi, ambako mama yangu aliuza mtamba wake ili nifanye mitihani. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Mwanangu, hiyo fimbo ingezaa lini?"

Swali hilo ndilo ninalojibu katika insha hii.

Nianze na hoja ya wapinzani wangu, kwa sababu si hoja ya bure. Biashara ya fimbo hizi ina kwao, nako ni Marekani. Huko aliishi George Balabushka, aliyezaliwa Urusi mwaka 1912 na kuhamia Marekani mwaka 1924. Alikuwa fundi wa mbao mjini New York, na fimbo alianza kuzitengeneza mwaka 1959 kama jambo la kujifurahisha. Miaka miwili baadaye ilitoka filamu ya The Hustler, Wamarekani wakaupenda upya mchezo wa puli, na wachezaji wakubwa wakaanza kuzitafuta kazi zake. Alifariki mwaka 1975. Inakadiriwa kwamba aliacha fimbo kati ya 1,000 na 1,200, na leo fimbo yake moja inauzwa kwa maelfu mengi ya dola. Wengine watanitajia Southwest, karakana ya Las Vegas iliyoanzishwa na Jerry Franklin, ambayo wateja wake wamekuwa wakisubiri zaidi ya miaka kumi kupata oda zao. Fimbo zake zimewahi kuuzwa mkononi kwa bei kubwa kuliko ile ya karakana.

Yote hayo ni kweli. Lakini tuyatazame vizuri. Katika mfano wa kwanza, bei ilipanda kwa sababu fundi alikufa na hakuna fimbo nyingine itakayotoka mikononi mwake. Katika mfano wa pili, anayepata faida ni yule aliyekaa foleni miaka kumi na kununua kwa bei ya karakana. Mimi na wewe tunanunua kwa mtu wa tatu au wa nne, faida ikiwa imekwisha kuliwa. Mafundi wa fimbo Marekani ni wengi sana. Majina yanayopanda bei yanahesabika, na kuchukua majina hayo machache kuwa kanuni ya fimbo zote ni sawa na kusema kila acheze mpira atasajiliwa Ulaya.

Jambo la pili ni ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Thamani ya fimbo hizi imo katika jina la fundi, na jina halionekani kwa macho kama pembe za ng'ombe. Balabushka mwenyewe alitumia vitako vilivyoandaliwa na wengine: vya kampuni ya Brunswick, vya Burton Spain, na baadaye vya Gus Szamboti. Vile vya Brunswick vilitumiwa na mafundi wengine pia. Kwa hiyo fimbo mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikawa na bei ya nyumba na nyingine bei ya baiskeli, na anayeweza kuzitofautisha ni mjuzi aliyezishika nyingi. Hata sinema ilitudanganya. Katika The Color of Money ya mwaka 1986, fimbo anayopewa Tom Cruise inaitwa Balabushka, kumbe iliyotumika ni ya kampuni ya Joss. Dunia nzima iliitazama na kuiamini. Ikiwa dunia nzima ilikosea, mwanafunzi wa mwaka wa pili atajuaje kilichomo katika mkoba anaofunguliwa gizani nyuma ya baa?

La tatu ni sheria, na hili linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani. Fimbo nyingi za kifahari za zamani zimetiwa njumu na pete za pembe za ndovu. Wenye kukusanya waliamini kwamba pembe hiyo ndiyo inayoongeza bei. Kisha sheria ikabadilika. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilibana sana biashara ya pembe za ndovu wa Afrika, na mwezi Julai mwaka huohuo sheria ya jimbo la California ilianza kuzuia kuziuza, isipokuwa vitu vichache, kama vya kale vilivyozidi miaka 100 na ala za muziki zilizotengenezwa kufikia mwaka 1975, tena vyenye pembe kidogo. Fimbo ya mwaka 1965 haijafikisha miaka 100, wala si ala ya muziki. Kile kilichoitwa hazina kikawa kitu ambacho huwezi kukiuza kihalali katika jimbo lenye watu wengi kuliko yote nchini humo. Sina machozi kwa hilo. Hapa kwetu Uganda, ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza ndovu hata wakabaki chini ya 2,000. Jirani zetu Wakenya walichoma tani 105 za pembe mwaka 2016 ili kuonyesha kwamba pembe ina thamani ikiwa juu ya ndovu tu. Akiba inayotegemea mnyama aliyeuawa ni akiba mbaya hata kama ingepanda bei.

La nne ndilo linalonichekesha. Ili fimbo isishuke bei, usiicheze. Chaki huichafua, mikono huitia jasho, mbao hunywa unyevu na kupinda, na ukiipeleka kwa fundi mwingine aipige msasa na vanishi mpya, wakusanyaji wanasema imeharibiwa. Hivyo yule anayekuambia "cheza nayo kisha uza kwa faida" anakuahidi mambo mawili yasiyokaa nyumba moja. Kiwanja unaweza kukilima. Ng'ombe utamkamua na atazaa. Fimbo ukiitumia inapungua, na usipoitumia inalala kabatini bila kuleta hata shilingi.

Msinielewe vibaya. Sichukii mafundi wala kazi yao. Kumwona mtu akiunganisha vipande vya mbao ngumu hata kiungo kisionekane ni jambo la heshima, na aliye na fedha za ziada akanunua kwa kupenda uzuri, nampongeza. Ugomvi wangu ni na neno "akiba". Neno hilo ndilo lililonifumbua mfuko. Kama muuzaji angeniambia, "Hii ni starehe, bei yake ni hii, na fedha zako hazitarudi," ningecheka nikaenda kulipa karo.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, ukiambiwa fimbo fulani haishuki bei, uliza maswali matatu. Aliyeichonga ni nani, na ushahidi uko wapi? Nani mwingine mjini hapa atainunua kesho, kwa bei gani? Na wewe unayeniuzia, mbona huiweki mwenyewe ikapanda? Asipojibu, rudi kwenye meza uchukue fimbo ya baa. Imepinda, najua. Mimi ndiyo ninayoichezea siku hizi, na ninadaiwa mtamba mmoja Masindi.