Mwanao hana pepo, ameelemewa na kelele

Wazazi wengi wa Kariakoo na Ilala wenye watoto wenye usonji huniambia jambo moja: wameacha kwenda kanisani. Si kwa kukosa imani. Spika zikifunguliwa, mtoto huziba masikio, hulia, hujitupa chini. Waumini hugeuka kutazama. Mmoja atasema mtoto hana adabu, mwingine atataka aombewe atolewe pepo. Jumapili inayofuata mama anabaki nyumbani.

Ndugu msomaji, huko si kukosa adabu. Ubongo wa mtoto huyu hauchuji sauti, mwanga, harufu na kuguswa kama wa wengi wetu. Spika inayokuchangamsha wewe, kwake ni maumivu. Taa kali, ubani, msongamano na kupeana mikono vikija kwa pamoja, anaelemewa. Wenye kipandauso nao wanaijua adha hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, penye waumini 1,000 tungetarajia kuwaona saba au wanane. Kama hamwaoni, jiulizeni wako wapi.

Wapo watakaosema ibada ni shangwe, haiwezi kunyamazishwa kwa ajili ya mtoto mmoja. Hakuna anayeomba kwaya inyamaze. Lakini sauti ya desibeli 100 inaweza kudhuru masikio ya mtu yeyote ikizidi dakika 15 hivi. Ukipunguza spika, unamlinda pia mzee, mtoto mchanga na mpiga kinanda mwenyewe.

Mengine hayahitaji hata harambee. Tengeni mabenchi machache karibu na mlango, mbali na spika. Chagueni ibada moja, labda ile ya alfajiri, iwe ya sauti ya chini. Fungueni chumba cha Shule ya Jumapili mtoto akapumzike, kisha arudi. Wafundisheni wahudumu wasimshike kwa nguvu wala kumkemea mama. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, hapo Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Kama shule imeweza kuwapa nafasi, kanisa litashindwaje?

Nawe mzazi, usingoje huruma ikufuate. Zungumza na mchungaji au paroko katikati ya wiki, si Jumapili mlangoni. Mpeleke mtoto kanisani siku isiyo na ibada apazoee. Mweleze kitakachoanza na kitakachofuata. Mbebee vizuia kelele vya masikioni.

Maombi ni haki yako, siyapingi. Ila yasichukue nafasi ya kliniki. Mtoto asiyeitika jina lake, aliyechelewa kusema au anayeogopa sauti za kawaida, mpeleke kituo cha afya apimwe, usikivu ukiwamo, na uombe rufaa mapema. Kila mwezi unaopotea kwa kuzunguka kutafuta wa kumtoa pepo ni mwezi ambao angekuwa anafundishwa kuwasiliana.