Bahari Haijulikani kwa Kukariri

Tangu Januari 2024 shule kadhaa za sekondari nchini zimeanza kufundisha mkondo wa amali sambamba na ule wa jumla, kama inavyoelekeza Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023. Mara neno amali linapotajwa, fikra za wengi hukimbilia useremala, uashi na ushonaji. Hapana ubaya wowote katika kazi hizo, kwani nchi isiyo na mafundi ni nchi ya kuagiza hata bawaba za milango. Lakini ipo hatari kwamba amali itahesabiwa kuwa kazi ya mikono isiyohitaji akili, na sayansi kuwa kazi ya akili isiyohitaji mikono. Huo ni mgawanyo wa kale, uliorithiwa kutoka katika shule za mkoloni, na ulikwisha kukosolewa tangu mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Kuukosoa ni jambo moja. Kuung'oa madarasani ni jambo jingine.

Lipo somo moja ambalo huuvunja mgawanyo huo bila hotuba. Nalo ni sayansi ya bahari inapofundishwa kwa njia ya kuunda roboti ya chini ya maji. Roboti hiyo si kitu cha ajabu kama jina lake linavyotisha. Ni fremu ya mabomba ya plastiki yale yale yanayouzwa kwa mafundi bomba, mota tatu ndogo zenye rafadha, boya, kamera kama fedha inaruhusu, na kebo ndefu inayokiunganisha chombo na swichi zilizoko mikononi mwa mwanafunzi aliyesimama ukingoni mwa maji. Mota mbili hukipeleka mbele na kukigeuza. Ya tatu hukishusha na kukipandisha. Umeme wake ni wa betri ya volti 12. (Umeme wa ukutani usikaribishwe hata kidogo karibu na maji hayo, na mwalimu asiyeweza kulisimamia jambo hili asianze.)

Mafundisho haya yalienea zaidi nchini Marekani. Mwaka 1997 Harry Bohm na Vickie Jensen walichapisha kitabu cha kumwelekeza kijana kuunda chombo cha namna hiyo kwa vifaa vya madukani. Mwaka 2003 mpango wa masomo ya bahari wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, yaani MIT, uliichukua fikra hiyo na kuifanya mafunzo kwa walimu, kwa jina la SeaPerch, ukigharimiwa na Ofisi ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji. Wanamaji hawakutoa fedha zao kwa huruma. Waliona wahandisi wa meli wanapungua, wakaamua kuwatafuta wa kesho wangali watoto. Huko California nako, kituo cha MATE kilichoanzishwa mwaka 1997 katika Chuo cha Monterey Peninsula kilianza mwaka 2002 kuendesha mashindano ya roboti hizo kwa wanafunzi, na leo timu hutoka nchi nyingi, Misri ikiwa mojawapo.

Yafaa kueleza ni nini hasa anachojifunza mwanafunzi, kwa maana ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Akiziba ncha zote za mabomba yake, hewa hubaki ndani na chombo hakizami. Akiyatoboa matundu, maji huingia na chombo huenda chini moja kwa moja. Kazi yake ni kuupata ulingano, chombo kisizame wala kisielee, na hapo kanuni ya Archimedes, ambayo aliiandika daftarini bila kuisadiki, humlazimu aifanyie hesabu. Akiyafunga maboya chini na vyuma juu, chombo humpindukia miguu juu mbele ya wenzake. Hakuna kalamu nyekundu ya mwalimu inayosahihisha kosa kwa haraka kama hiyo.

Kisha huja bahari yenyewe na masharti yake. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa gramu 1,000. Ya maji ya bahari ni gramu 1,025 hivi. Chombo cha kilo 10 kilicholinganishwa vema katika tangi la shule kitaelea kikifikishwa pwani, mpaka kiongezwe robo kilo ya uzito. Mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba maji ya chumvi ni mazito husahau baada ya mtihani. Yule aliyesimama ufukweni akitafuta mawe ya kuongeza kwenye chombo kinachokataa kuzama hasahau. Vivyo hivyo kwa kanieneo, ambayo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10 za kina. Boya la sponji laini hubanwa na maji, likapungua ukubwa, na chombo kilichotulia vizuri juu kikaanza kuzama chenyewe huko chini. Baadhi ya samaki wenye mfuko wa hewa huishi kwa sheria hiyo hiyo, na mvuvi anajua kwamba changu aliyevutwa haraka kutoka kilindini hufika juu amevimba. Mvuvi anajua lililotokea. Mwanafunzi mwenye roboti anaweza kumweleza sababu, nao wawili wakawa na mazungumzo ya maana.

Ni hivyo hivyo kwa mwanga. Kitambaa chekundu kilichofungwa mbele ya kamera hufifia katika mita chache za kwanza na kuonekana kama kijivu au cheusi, kwa sababu maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine. Maelezo ya kwa nini samaki wengi wa vilindini ni wekundu, na wekundu huo ukawa maficho yao, hayahitaji tena nguvu ya mwalimu.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Jibu lao liko katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, ambao ni mji wa jangwani, mbali na bahari yoyote. Mwaka 2004 vijana wanne wa shule ya sekondari ya Carl Hayden, shule ya mtaa wa watu wa kipato cha chini, wakiwa na walimu wao Fredi Lajvardi na Allan Cameron, waliingia katika mashindano ya MATE yaliyofanyika katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Walimu waliwaingiza katika daraja la vyuo vikuu, wakiona kwamba kushindwa na wakubwa si aibu. Chombo chao kiligharimu dola 800 hivi. Cha MIT, waliokuwa miongoni mwa washindani wao, kiligharimu zaidi ya dola 10,000. Gundi ya mabomba ilinuka mno, wakakiita chombo chao kwa jina lenye maana ya kunuka. Walipokijaribu majini, kisanduku cha umeme kikavuja. Wakakinusuru kwa kutia ndani pamba za hedhi zilizonunuliwa dukani, kwa kuwa hakuna kitu kinyonyacho unyevu kwa bei hiyo kama pamba hizo.

Vijana hao walishinda, na MIT wakawa wa pili. Magazeti na baadaye sinema vilipenda habari ya pamba, na ni habari nzuri. Lakini waamuzi hawakutoa ushindi kwa sababu ya pamba. Timu ilitakiwa kuandika taarifa ya kitaalamu na kujibu maswali ya wahandisi. Vijana walikuwa wametumia kipimo cha leza kupimia umbali majini, na walijua kwamba mwanga husafiri polepole zaidi majini kuliko hewani, hivyo kipimo kingesoma umbali uliozidi kwa theluthi hivi. Wakakisahihisha kwa hesabu. Tena walipewa tuzo ya uandishi wa kitaalamu, wao ambao Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu wa lugha naye, basi, asidhani kwamba roboti haimhusu.

Habari hiyo ina upande wa pili ambao husimuliwa kwa sauti ndogo. Vijana wale wanne walikuwa wameingia Marekani utotoni kutoka Meksiko bila hati za uhamiaji, na mwaka 2006 wapigakura wa Arizona walipitisha sheria iliyowanyima watu wa hali yao karo nafuu katika vyuo vya umma vya jimbo. Taifa lililogharimia mashindano ya kuwatafuta wahandisi liliwapata, kisha likawafungia mlango. Utaratibu wa shule unaweza kufanya kosa la namna hiyo hata pale ambapo suala la uraia halipo.

Kuna tahadhari nyingine. Mafunzo ya namna hii yana ugonjwa wake, nao ni kugeuka mchezo. Kampuni huuza vifurushi vyenye mabomba yaliyokatwa tayari na maelekezo hatua kwa hatua. Mwanafunzi huunganisha kama alivyoagizwa, hushindanisha chombo katika bwawa la kuogelea kwa kupita ndani ya pete, hupigwa picha na mgeni rasmi, na hurudi nyumbani akijua juu ya bahari kiasi kile kile alichokijua asubuhi. Bora utaratibu wa MATE, ambao kila mwaka hutoa kazi iliyotolewa katika maji ya kweli. Mwaka 2010 kazi ilihusu Loihi, volkano iliyo chini ya bahari huko Hawaii. Mwaka 2011 ilihusu kuziba kisima cha mafuta na kuchukua sampuli za maji, baada ya mlipuko wa Deepwater Horizon wa Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, uliowaua watu 11. Kisima kile kilikuwa mita 1,500 hivi chini, mahali ambapo mzamiaji hafiki, na kazi yote ya kukiziba hadi Julai ilifanywa kwa macho na mikono ya roboti. Mwanafunzi aliyepewa kazi hiyo alilazimika kwanza kuuliza maji ya kina hicho yana hali gani.

Tanzania haina upungufu wa maswali ya aina hiyo. Tangu mwaka 2010 gesi asilia imegunduliwa katika bahari ya kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara, mahali pengine maji yakizidi mita 2,000, na katika vina hivyo hakuna kazi inayoweza kufanyika bila roboti. Anayeziendesha ni nani, na amefundishwa wapi? Huko Tanga ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu wa dunia waliwahi kuamini ametoweka pamoja na madinosaria. Zanzibar wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wameona aina ya mwani yenye bei nzuri ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto, na jitihada za kuihamishia penye kina zaidi zimeanza. Je, joto la maji likoje katika mita 1, na likoje katika mita 5, wakati wa kaskazi na wakati wa kusi? Kipimajoto kilichofungwa kwenye roboti ya mabomba kinatosha kulijibu swali hilo, na jibu lake lina mtu anayelingoja. Wala shule za bara zisijitoe. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na shule ya Dodoma inaweza kuiga ile ya Phoenix.

Kinachokosekana si fedha nyingi. Tangi la lita elfu moja la maji ya mvua latosha kwa majaribio ya mwanzo, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar tangu mwaka 1978, ina wataalamu wanaoweza kuwanoa walimu wakati wa likizo. Vikwazo viko penginepo. Kimoja ni cha ofisini. Ni rahisi kwa mhasibu kupitisha ankara moja ya kifurushi kilichofungwa kutoka ng'ambo kuliko risiti sita za duka la vifaa vya ujenzi, pamoja na mota kuukuu zilizonunuliwa kwa fundi asiye na mashine ya risiti. Mwalimu mwaminifu hujikuta anajitetea kwa mkaguzi kama mwizi, na mwaka unaofuata hanunui kitu. Halmashauri zinaweza kuweka kiwango kidogo cha fedha za majaribio ambacho mkuu wa shule atakitolea hesabu kwa kuonyesha chombo chenyewe, pamoja na daftari la vipimo.

Cha pili ni mtihani, nacho ni kigumu zaidi. Roboti moja, kutoka mchoro hadi taarifa ya mwisho, huchukua wiki kadhaa, na nyingi katika hizo ni za kuvuja, kufungua na kuziba upya. Katika ratiba ya sasa wiki za namna hiyo hazina alama. Baraza la Mitihani likikubali kwamba daftari la vipimo na taarifa ya mwanafunzi vihesabiwe katika alama zake za fizikia au jiografia, mwalimu atapata haki ya kuzitumia. Kabla ya hapo, hata mwalimu mwenye moyo ataliacha tangi likauke ifikapo Agosti na kurudi ubaoni, kwa kuwa mtihani ni Novemba.