Pasi ya Mama

Majuzi tulikwenda Gikomba kutafuta nguo za watoto za mitumba. Kando, penye vyuma vikuukuu, tuliona pasi ya mkaa yenye jogoo mdogo wa kufungia kifuniko. Tulisimama kimya.

Kila Jumamosi jioni mama yetu alipiga pasi nguo za kanisani: zetu kwanza, yake mwisho, makaa yakiwa yamepoa. Alipofariki, tuliiuza pasi yake pamoja na vyuma vingine bila kufikiri.

Hii tuliinunua. Watoto wakauliza, "Ya nini?" Ndipo tukawasimulia habari za nyanya yao.

Dada, kama mama yako yu hai, muulize leo habari za vitu vyake. Pasi hupatikana sokoni. Sauti yake haipatikani.