Mbwa wa Nixon na swali lililobaki bila jibu

Kampeni za uchaguzi zinaposhika kasi, aghalabu hapakosi mgombea anayetakiwa kueleza fedha fulani zilitoka wapi. Majibu yake twayajua kwa moyo. Kwanza husema kwamba maneno hayo ni njama ya mahasimu wake. Likishindikana hilo, husema kwamba anayepigwa vita si yeye bali ni watu wake. Na hilo nalo likishindikana, hutangaza kwamba mahakama pekee anayoitambua ni ya wananchi, nao watatoa hukumu yao debeni. Umati hushangilia, magari huondoka na vumbi lake, na swali hubaki palepale uwanjani kama kiatu kilichopotezwa na mwenyewe.

Wahenga walituachia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanasiasa aliyechafuliwa jina huuchukia msemo huu, na mimi naona ana haki ya kuuchukia, kwani unamtia mtu hatiani kabla hajafungua kinywa. Mtu aliyesingiziwa anastahili kusikizwa. Ninalotaka kuwauliza walimu na wanafunzi leo ni hili: tumsikize vipi? Katika shule zetu za upili hotuba hufunzwa kama aina ya insha. Mwanafunzi huelezwa jinsi ya kuwaamkua wageni kwa ngazi za vyeo vyao, jinsi ya kupamba lugha kwa methali na tashbihi, na jinsi ya kufunga kwa shukrani. Twamfunza kutoa hotuba. Ni nadra kumfunza kuipima.

Kwa kazi hiyo ya kupima, sijui mfano ulio bora kuliko hotuba aliyoitoa Richard Nixon wa Marekani usiku wa tarehe 23 Septemba, 1952. Nauchagua mfano wa mbali kwa makusudi. Hakuna mwanafunzi wetu atakayeuchambua akiwa na babake au mjombake aliyempigia kura Nixon, na kwa hivyo darasa litaweza kubishana pasipo kununiana.

Nixon wakati huo alikuwa seneta wa jimbo la California, umri wake miaka 39, na alikuwa ameteuliwa na chama cha Republican kuwa mgombea mwenza wa Jenerali Dwight Eisenhower. Chama hicho kilikuwa kimekaa nje ya ikulu kwa miaka 20, na moja ya hoja zake kuu za kampeni ilikuwa ufisadi katika serikali ya Rais Harry Truman. Eisenhower alikuwa akizunguka nchi nzima kwa gari la moshi akiahidi kusafisha uchafu wa Washington. Mara, tarehe 18 Septemba, gazeti la New York Post likachapisha habari kwamba matajiri wa California walikuwa wamemwekea Nixon hazina ya siri, iliyomwezesha kuishi maisha yaliyozidi mshahara wake. Aliyekuja kufagia akaonekana ana taka mkononi.

Hazina yenyewe ilikuwapo, hilo halikukanushwa. Jumla yake ilikuwa dola 18,000 na ushei, zilizochangwa na wafuasi wake, na hakuna aliyetoa zaidi ya dola 500. Nixon alieleza kwamba zilitumika kwa gharama za kisiasa ambazo asingeweza kuzitoza serikali: safari, uchapishaji wa hotuba, barua za kuwapelekea wapiga kura. Seneta wa siku hizo alilipwa dola 15,000 kwa mwaka. Ukiilinganisha hazina ile na mshahara huo utaona kwamba hazikuwa fedha za kuchezewa, ingawa kwa macho ya Mkenya aliyezoea kusoma habari za mabilioni yaliyoyeyuka, huenda zikaonekana kama chenji ya dukani.

Jibu lake la kwanza lilikuwa lile lile tunalolijua. Katika mji wa Marysville, mtu mmoja alipopaza sauti kuuliza habari za fedha hizo, Nixon, akiwa amesimama nyuma ya gari lake la moshi, alidai kwamba Wakomunisti na wezi ndio waliokuwa wakimpaka matope ili kumnyamazisha. Wafuasi wakashangilia, lakini magazeti hayakunyamaza. Hata gazeti la New York Herald Tribune, ambalo liliegemea upande wa chama chake, lilimtaka ajitolee kujiuzulu. Eisenhower kwa upande wake hakumtupa wala hakumkumbatia. Alisema tu kwamba katika vita dhidi ya ufisadi wao wenyewe sharti wawe safi kabisa. Saa chache kabla ya hotuba, Gavana Thomas Dewey wa New York alimpigia Nixon simu na kumweleza kwamba washauri wengi wa jenerali walitaka ang'atuke. Huyu basi ni mtu aliyeingia studioni akijua kwamba wenzake wamekwisha kumchimbia kaburi, na walichosubiri ni yeye kujilaza ndani.

Chama kilikuwa kimelipa dola 75,000 ili apate nusu saa ya televisheni na redio nchini kote. Alizungumza kutoka ukumbi wa El Capitan, Hollywood, viti vikiwa vitupu, mkewe Pat ameketi kando yake akimtazama bila kusema neno. Inakadiriwa kwamba watu milioni 60 hivi walimwona au kumsikiza.

Ni hapa ambapo namwomba mwalimu apunguze mwendo, kwa sababu hotuba hii ina sehemu ambazo huwezi kuzitia kapu moja.

Kuna sehemu ya hesabu. Nixon alisema kwamba wakaguzi wa hesabu wa Price Waterhouse walikuwa wameichunguza hazina ile, na kwamba kampuni ya mawakili ilikuwa imetoa maoni kuwa hakuna sheria iliyovunjwa. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kawaida kwa mgombea wa cheo hicho: alijianika. Akataja nyumba yake ya Washington aliyoinunua kwa dola 41,000 na ambayo bado alidaiwa dola 20,000. Akataja gari lake, Oldsmobile la mwaka 1950. Akataja bima yake ya maisha, deni la dola 4,500 katika benki na deni jingine la dola 3,500 aliloazima kwa wazazi wake. Naisifu sehemu hii pasipo kusita. Ni ushahidi. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuandika tarakimu zile na kwenda kuzihakiki asubuhi yake.

Kisha kuna sehemu ya koti. Nixon alisema kwamba mkewe hana koti la manyoya ya mink. Analo la kitambaa tu, la heshima, nalo linampendeza. Msikizaji wa Marekani alilielewa fumbo hilo mara moja, kwani koti la mink lililoangukia mikononi mwa familia ya mtumishi wa serikali lilikuwa limekuwa ishara ya kashfa za enzi ya Truman. Mbinu ya hali ya juu! Hakumtaja mtu, na bado kila mmoja alijua nani amepigwa.

Kisha akaja mbwa. Nixon alikiri kwamba kweli alipokea zawadi moja. Mtu mmoja wa Texas alikuwa amesikia redioni kwamba mabinti wa seneta wangependa kuwa na mbwa, akawatumia mmoja mdogo, mwenye mabaka meusi na meupe, ambaye Tricia, mtoto wa miaka sita, alimpa jina Checkers. Watoto wanampenda, akasema, na liwe liwalo, hatutamrudisha. Hata hilo halikubuniwa usiku ule. Miaka minane kamili kabla yake, tarehe 23 Septemba, 1944, Rais Franklin Roosevelt aliwacheka wapinzani wake hadharani kwa kumsema vibaya mbwa wake, Fala, na Nixon aliufuata mfano huo akijua anachokifanya.

Sasa, ni nani aliyewahi kudai kwamba mbwa arudishwe? Hakuna. Gazeti halikuuliza habari za mbwa. Mbwa alishtakiwa na mshtakiwa mwenyewe, akatetewa na mshtakiwa, akaachiliwa na watu milioni 60. Hotuba nzima hadi leo inajulikana kwa jina lake, ilhali alichukua dakika moja hivi ya nusu saa. Walimu wetu hupenda kutenganisha fani na maudhui ubaoni. Hapa wana mfano wa fani iliyoyameza maudhui mazima mazima, kama chatu na mbuzi.

Swali halisi lilikuwa lipi? Halikuwa kama Nixon ni mwizi. Kwa kadiri ilivyothibitishwa, hakuiba hata senti ya hazina ile, na yeyote atakayekwenda darasani kufundisha kwamba aliiba atakuwa anadanganya. Swali lilikuwa kama ni haki mtunga sheria kutegemea kikundi cha watu wenye uwezo kumlipia gharama zake, pasipo wapiga kura kujua majina yao wala shida zao serikalini. Nixon alijibu kwamba hakuna mchangiaji aliyepewa upendeleo. Huenda ni kweli. Lakini hilo ni jibu la swali la jana: je, ulilipa fadhila? Kuhusu kesho, mchangiaji atakapobisha mlango, hotuba haikusema lolote lenye uzito, na baada ya mbwa kupita hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya kuuliza.

Mwishoni aliwataka watazamaji waandikie kamati kuu ya chama kusema kama abaki au aondoke. Muda wa matangazo ulimwishia kabla hajataja anwani, lakini watu waliitafuta wenyewe. Ofisi zikafurika barua na telegramu. Kesho yake Eisenhower alimpokea katika mji wa Wheeling, West Virginia, akamkumbatia kama mwanawe, na tarehe 4 Novemba wawili hao wakashinda kwa kura 442 za wajumbe dhidi ya 89 za Adlai Stevenson.

Hapo ndipo mimi naachana na wale wanaoisifu hotuba hii moja kwa moja. Wanasema wananchi waliachiwa waamue, na je, demokrasia ni nini kama si hiyo? Nasema hapana. Aliyeandika telegramu hakuwa ameviona vitabu vya hazina. Hakumhoji mchangiaji hata mmoja. Aliguswa, na kuguswa si kosa, lakini aliombwa atoe hukumu juu ya jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulichunguza. Isitoshe, Eisenhower, ambaye ndiye aliyekuwa na wajibu wa kuchunguza na kuamua, alifungwa mikono na mafuriko yale.

Na bado hotuba ilizaa tunda moja jema, nalo sharti litajwe. Nixon aliwataka wagombea wengine nao waseme mali yao. Kabla ya uchaguzi Stevenson alitoa hadharani hesabu za kodi yake ya miaka iliyopita, na Eisenhower akatoa maelezo ya mapato yake ingawa hakulipenda wazo hilo. Stevenson naye ilikuwa imejulikana kwamba alikuwa na hazina yake, ya kuwaongezea mishahara baadhi ya watumishi wa jimbo la Illinois.

Kwetu Kenya, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwataka watumishi wa umma kujaza fomu za mapato, mali na madeni yao, pamoja na ya wake au waume wao na watoto walio chini ya miaka 18. Fomu zikajazwa, makabati yakafungwa, na mwananchi wa kawaida hakuwa na njia nyepesi ya kuziona. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 76, inasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma ni ya Jamhuri, na inamkataza kupokea mkopo au manufaa yatakayotia doa uadilifu wake. Bunge likapitisha sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, lakini chaguzi za 2017 na 2022 zilifanyika pasipo vikomo vyake kutumika. Kwa hivyo mgombea wetu anapoulizwa habari za fedha, hata zile dakika kumi za tarakimu alizozitoa Nixon hatuzipati. Twapewa mbwa tupu.

Najua kuna mwalimu atakayenikumbusha mwaka 1974, Nixon alipojiuzulu urais tarehe 9 Agosti kwa kashfa ya Watergate, na kusema kwamba dalili zilikuwapo tangu mwanzo. Namsihi asiwafunze vijana kusoma historia kinyumenyume. Makosa ya 1972 hayageuzi hesabu za 1952 kuwa za uongo. Tena somo langu lingekuwa chepesi mno kama mzungumzaji angekuwa mwongo usiku ule. Uzito wake umo katika kwamba, kwa sehemu kubwa, alisema kweli, na bado aliweza kuliondoa swali mezani.

Kwa hivyo napendekeza kipindi kimoja cha dakika 40. Wanafunzi wasomewe hotuba ile kwa Kiswahili, mwalimu akiifasiri polepole. Kila mmoja achore mistari miwili daftarini: upande mmoja aandike kila jambo linaloweza kuhakikiwa, na upande wa pili kila jambo linalogusa moyo tu. Halafu waandike, kwa sentensi zisizozidi tatu, swali ambalo wangemuuliza seneta laiti wangalikuwa ndani ya ukumbi ule uliokuwa mtupu. Kipindi kitakachofuata, walete hotuba ya mgombea wa eneo lao.