Mgonjwa Asiandike Barua ya Kuacha Kazi

Wenzetu watumishi, neno tunalotaka kulinena si jepesi, maana lagusa haya ya mtu na riziki ya watoto wake. Mara kwa mara twamwona mwenzetu aliyeshikwa na maradhi marefu, kiharusi au figo au kisukari kilichomharibu miguu, akija ofisini kwa kujikokota hata vidole vimshinde kushika kalamu. Kisha siku moja, kwa kuona haya au kwa kuudhiwa na mkubwa wake, huandika mistari mitatu ya kuacha kazi akaenda zake kijijini. Mwingine hata mistari hiyo haandiki. Nduguze humchukua usiku kwenda kumtafutia dawa, na ofisi hupata habari zake kwa uvumi.

Wote wawili, kwa maoni yetu, wamejidhulumu.

Mtumishi wa umma wa Tanzania Bara aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60 (maprofesa na madaktari bingwa wana hesabu yao). Walakini uko mlango wa tatu, nao ni wa ugonjwa. Sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF ikazaa PSSSF, iliweka mafao ya ulemavu kwa mwanachama ambaye madaktari wamethibitisha kwamba hawezi kazi tena. Hiyo si sadaka. Katika kila shilingi 100 za mshahara wake zilikatwa 5, na mwajiri akatia 15. Aliyeacha kazi kwa hiari yake hawi sawa mbele ya Mfuko na aliyetoka kwa cheti cha madaktari, na barua ikishapokelewa ni taabu kubwa kuirudisha.

Na yule aliyeondoka kimya? Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003 ziliutaja utoro wa zaidi ya siku 5 kuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Mgonjwa mahututi ageuka mtoro katika jalada lake, kwa kukosa karatasi moja ya hospitali! Hali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliandika likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara. Siku hizo ndizo za kujitengeneza. Humo mtu aulize daktari wake kweli yote, aombe kwa maandishi kupelekwa mbele ya baraza la madaktari, atunze nakala ya kila barua, ahakikishe michango yake yote imeandikwa, na amwonyeshe mkewe, au mke amwonyeshe mumewe, deni lililoko benki na kama lina bima ya ulemavu. Ikiwa maradhi yenyewe yametokana na kazi, kama mapafu ya mtu wa maabara au mgongo wa dereva, basi aulizie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake.

Twajua wengi hulichelea baraza hilo kama hukumu. Hudhani kwenda huko ni kukiri kwamba wamekwisha. Wakubwa wa kazi nao huzidisha hofu hiyo: kuna anayemhamisha mgonjwa kituo cha mbali na hospitali ili aombe kuondoka mwenyewe. Jambo hilo ni ukatili, na kuitwa utaratibu hakulibadilishi.

Nasi watumishi tuna desturi moja ya ajabu. Mtu akifa, rambirambi hupatikana kabla ya jua kuchwa. Akiwa hai na ahitaji nauli ya kwenda mbele ya madaktari, daftari la mchango huzunguka juma zima likarudi na majina manne. Twaomba basi kila tawi lichague mtu mmoja mwenye subira na mwandiko mzuri, amsindikize mgonjwa hospitali, ofisi ya utumishi na ofisi ya Mfuko, asichoke kurudi. Na nauli za wote wawili zitoke katika sanduku lilelile la rambirambi.