CHAMA KISICHO NA DAFTARI



Lugha yetu ina neno moja kwa mambo matatu. Huu umoja wetu wa wafanyakazi twauita chama. Akina mama wa Kenyatta Market wanaochanga fedha kila juma na kumpa mmoja wao kwa zamu, nao wana chama. Na wale wanaokuja na magari ya vipaza sauti miezi michache kabla ya kura, wakigawa fulana na leso, nao wasema wana chama. Jina ni moja, lakini mambo si mamoja hata kidogo. Hilo ndilo twataka kulieleza katika toleo hili, kwa kuwa uchaguzi mkuu uliowekwa na Katiba kuwa tarehe 10 Agosti 2027 wahusu unga wetu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kwanza tutazame chama cha akina mama. Nenda kwa wasusi, au upande wa mafundi wa cherehani, uulize. Utaonyeshwa daftari. Ndani yake mna jina la kila mwanachama, alicholipa, siku aliyochelewa na faini aliyotozwa. Mwenyekiti anajulikana, mhazini anajulikana, na mwenye zamu ya kupokea anajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Mhazini akila fedha, hangoji miaka mitano. Ataondolewa mkutano ujao mbele ya macho ya wote, na pengine atalipa kwa cherehani yake.

Sasa waulize akina mama hao hao juu ya chama cha siasa. Nani mwenyekiti wa tawi katika Wadi ya Woodley/Kenyatta Golf Course, ambayo soko letu limo ndani yake? Alichaguliwa lini, na nani walimchagua? Ofisi iko wapi? Wanachama ni wangapi? Utajibiwa kwa kicheko. Wengine wamevaa fulana za vyama vitatu mbalimbali katika uchaguzi mmoja, na hawajapata kulipa ada ya uanachama hata senti moja. Mwezi wa Juni 1921 hadithi hii isingaliaminika, lakini Juni 2021, watu walipopewa njia ya kutazama majina yao katika orodha za Msajili wa Vyama vya Siasa, Wakenya wengi walijikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuviomba. Katika chama cha akina mama jambo kama hilo lingeitwa kwa jina lake, na mwandishi wa daftari angetoka mbio.

Wako watakaosema, "Siasa ni ya wanasiasa, sisi twataka kuchoma nyama yetu tuuze." Ndugu hao tunawaheshimu, lakini wamekosea. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi kaunti masoko na leseni za biashara. Maana yake ni kwamba ada ya kibanda chako, leseni yako ya mwaka, choo cha soko, maji, takataka na taa ya usiku si mambo ya Bunge wala ya Ikulu. Ni mambo ya Kaunti ya Nairobi, na viwango vya ada hupitishwa katika Sheria ya Fedha na wawakilishi wa wadi katika Baraza la Kaunti. Wadi ni 85, na kila moja huchagua mtu wake. Askari wa kanjo anapokuja kibandani hakutunga yeye kile anachokudai. Kilitungwa na watu walioketi na kunyoosha mikono, na mmoja wao alitoka hapa kwetu.

Na huyo wa kwetu hupatikana wapi? Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Watu wengi hudhani hupatikana siku ya kura ya Agosti. Katika sehemu kama Kibra, mara nyingi mambo yamekwisha tangu Aprili. Eneo la Kibra lilikatwa kutoka Lang'ata kabla ya uchaguzi wa 2013, na Lang'ata ilikuwa ya Raila Odinga tangu 1992. Tangu likatwe, ubunge wake umeshindwa na watu wa ODM kila mara: Ken Okoth mwaka 2013 na 2017, Imran Okoth katika uchaguzi mdogo wa 2019, na Peter Orero mwaka 2022. Mwaka huo wa 2022 Imran Okoth, aliyekuwa mbunge kitini, aliikosa tiketi katika mchujo. Orero aliyeipata, mwalimu mkuu wa Dagoretti High School, ndiye aliyeingia Bungeni. Wale waliongoja Agosti walikuta chakula kimekwisha pakuliwa.

Twautazame pia ule uchaguzi mdogo wa tarehe 7 Novemba 2019, baada ya Ken Okoth kufariki Julai mwaka huo. Kampeni ilikuwa ya makelele makubwa. Viongozi wakubwa wa nchi walifika, na Jubilee wakamleta mcheza mpira mashuhuri, McDonald Mariga. Imran Okoth akapata kura 24,636 na Mariga 11,230. Lakini walioandikishwa Kibra walipita 118,000, na waliopiga kura hawakufika 45,000. Aliyeshinda alichaguliwa na kama mtu mmoja katika kila watano walioandikishwa. Hatusemi hivi kumdharau mshindi. Alishinda kwa haki ya hesabu. Twasema hivi kuonyesha jinsi idadi ndogo ya watu waliojipanga inavyoweza kuamua. Na kama twazungumza juu ya kiti cha wadi, na juu ya mchujo ndani ya chama kimoja, hesabu huwa ndogo zaidi tena. Soko moja lenye watu waliosikilizana ni nguvu kubwa.

Jambo hili si geni kwa wafanyakazi wa Nairobi. Mwaka 1951 viongozi wa vyama vya wafanyakazi, Fred Kubai na Bildad Kaggia miongoni mwao, walikwenda kwenye uchaguzi wa tawi la Nairobi la KAU wakiwa na watu wao, wakashinda. Kubai akawa mwenyekiti na Kaggia mwandishi. Hawakuunda chama kipya, wala hawakungoja wazee wawaite. Waliingia katika tawi lililokuwapo, wakahesabiwa, na tangu siku ile siasa ya mji huu ikabadilika. KAU ikapigwa marufuku mwaka 1953. Mwaka 1955 Serikali ya kikoloni ikaruhusu tena vyama vya Waafrika, lakini vya wilaya moja moja tu, kusudi wasiweze kuungana nchi nzima.

Hila ile ikawarudia waliyoitunga. Kwa kuwa chama kilikatazwa kuvuka wilaya, ilibidi kichimbe chini. Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji na kisha katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alishinda kiti cha Nairobi Machi 1957 dhidi ya wakili Argwings-Kodhek kwa tofauti isiyofika kura 400. Wakati ule hata mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu kwa kadiri ya elimu yake na mali yake, na wengi hawakuwa na hata moja. Baada ya ushindi ule mwembamba Mboya na wenzake waliunda Nairobi People's Convention Party. Kikawa na matawi ya mitaa, watu wa vijana na watu wa akina mama, na karatasi yake ya habari iliyoitwa Uhuru. Serikali ilipoona kwamba chama kile kina watu wa kweli nyuma yake, iliivamia nyumba za viongozi wake Machi 1959 na kuipiga marufuku karatasi ile. Chama cha fulana hakivamiwi na mtu.

Lakini tusijidanganye kwamba enzi zile zote zilikuwa njema. Tawi likishaachwa, hugeuka kuwa mali ya watu wachache, na KANU ni shahidi. Wazee wetu wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, watu walipopangwa mstari nyuma ya mgombea au picha yake, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa. Kila mwenye macho aliiona mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu. Palikuwa na chama, palikuwa na tawi, palikuwa na mwenyekiti. Hapakuwa na daftari ambalo mwanachama wa kawaida angeweza kulifungua na kusema, "Hapana, hesabu si hiyo."

Turudi sokoni, maana kuna ugonjwa wetu wenyewe ambao hatuwezi kumsukumia mwanasiasa. Wengi wetu twafanya kazi Kenyatta Market lakini hatulali hapa. Tunatoka Kawangware, Rongai, Kitengela, na wengine kura zao ziko nyumbani mashambani, ambako huenda mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi. Twalipa ada hapa tangu Januari hadi Desemba, kisha kura yetu yamchagua mtu wa mahali ambapo hatuna hata meza. Mgombea mwenye akili alijua hilo zamani. Anapofika sokoni huagiza nyama, hupiga picha na wasusi, husalimia kila mtu "mama, mama", kisha huenda kutafuta kura mahali pengine, kwa sababu amekwisha kuzihesabu. Ametukuta wengi wa sura, wachache wa kura.

Hatusemi kila mtu ahamishe kura yake. Mwenye shamba na wazazi kijijini ana sababu zake, na mwenye watoto shuleni Kawangware ana haja na wadi ya Kawangware. Lakini yule ambaye maisha yake yote yako katika kibanda chake hapa, na afikiri. Sheria inamruhusu mpiga kura kuhamia eneo jingine, mradi aiarifu Tume ya Uchaguzi si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi.  Na mchujo wa vyama huja kabla ya hapo, kwa hiyo anayengoja siku 90 atakuwa amekwisha kuchelewa kwa lile jambo kubwa.

Neno moja juu ya fedha. Vijana wetu hukodishwa kwa siku kupiga vuvuzela, na kuna siku tumeona vijana wale wale asubuhi kwa huyu na jioni kwa yule. Hatuwacheki, kazi ni haba. Lakini wanachama wajue kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 haimtazami mtoa hongo peke yake, humtazama na mpokeaji. Na hata sheria isingekuwapo, tazameni biashara yenyewe: mtu akupa shilingi mia mbili mara moja, kisha aketi miaka mitano akipitisha ada unayolipa kila mwezi. Hakuna mwuza nyama ambaye angekubali bei hiyo kwa mbuzi.

Tena siasa ikiharibika, wa kwanza kulipa ni soko. Mwendo mfupi kutoka hapa liko Toi Market. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 soko lile liliteketezwa na kubomolewa, na watu waliokuwa wamejenga biashara kidogo kidogo kwa miaka walibaki wakifukua majivu. Wale waliogombania viti walikuja kushikana mikono Februari 2008. Mwenye kibanda cha mitumba alianza tena na robota moja la mkopo.

Basi twashauri hivi, na halmashauri ya tawi letu imekubali. Umoja wetu hautampigia debe mgombea yeyote wala chama chochote cha siasa. Wanachama wetu wamo katika vyama vingi, na ada yao haitanunua leso ya mtu. Lakini kila mwanachama aliye katika chama cha siasa twamwomba akakidai kile anachokidai katika chama cha kuchangiana: daftari la wanachama wa wadi lisomwe mkutanoni, mkutano wenyewe utangazwe mapema, na kama kuna "makubaliano" ya kumpa mtu tiketi bila kura, waulizwe waliokubaliana ni kina nani. Msajili wa Vyama anayo orodha, na jina lako waweza kulitazama. Ukikuta umeandikwa mahali usipopajua, jiondoe kwa maandishi.

Raila Odinga alifariki Oktoba 2025, na huku kwetu watu wengi walikuwa wakisema tu "Baba amesema" na mazungumzo yakaisha. Sasa Baba hayuko wa kusema. Kila anayetaka tiketi ya Kibra au ya wadi yetu atadai yeye ndiye mrithi, na vyama vingine navyo vitaona mlango u wazi. Wakati kama huu ndipo tawi lenye watu mia mbili waliolipa ada na wanaojuana husikilizwa.

Siku ya kura nayo ina kazi. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na hesabu hufanywa pale pale mbele ya mawakala. Matokeo ya mwakilishi wa wadi huandikwa katika Fomu 36A, ambayo nakala yake hubandikwa mlangoni. Msusi anayeweza kuhesabu rasta za kichwa kizima bila kukosea ataweza kuhesabu kura 700. Twataka mawakala wa vyama vyote watoke miongoni mwa watu kama hao, si wageni waliookotwa usiku wa kuamkia kura.

Karani wa tawi amefungua daftari, liko mezani kwake kila siku ya kazi baada ya saa kumi jioni. Aje kila mwanachama aseme kura yake iko wapi, kama ataka kuihamisha au la, na kama yu tayari kufundishwa kazi ya uwakala. Wale wa upande wa nyama ambao hawawezi kuacha jiko saa hiyo, wamwambie mjumbe wao apeleke majina Jumatatu, siku ambayo wateja si wengi.