Mkataba wa Miezi Mitatu, Usaili wa Mara Nne

Katika mji wa Busia, ule uliogawika kwa mpaka wa Kenya na Uganda, na katika nchi inayouzunguka, kuanzia Bulumbi upande wa Uganda hadi Funyula na Budalangi upande wa Kenya, kisha kupanda kaskazini hadi Tororo penye kiwanda cha saruji, ajira ya kudumu imekuwa adimu kiasi cha kwamba kijana aliyemaliza masomo yake aghalabu hatafuti tena kazi ya maisha, bali hutafuta mkataba: miezi mitatu ya kukusanya takwimu za utafiti, miezi sita ya ukarani katika ghala, msimu mmoja wa kusimamia uchimbaji wa visima. Hilo si la kulilia, maana mkataba mfupi ulioandikwa vyema na kulipwa kwa wakati ni riziki ya halali kama riziki nyingine yoyote. Linalostahili kukemewa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni desturi inayozidi kuenea ya kumwita mwombaji wa mkataba huo mfupi kwenye usaili mara tatu, mara nne, na pengine mara tano, kwa uzito ule ule ambao ungempasa mtu anayekabidhiwa dhamana ya miaka ishirini.

Rai yangu naiweka wazi tangu mwanzo. Usaili wa mtu wa mkataba usizidi mara mbili, mara moja ya mazungumzo na mara ya pili ya kumpima kwa kazi yenyewe. Na ikiwa mkataba hautafika miezi mitatu, basi yote mawili yafanyike siku moja.

Na tumtazame kwa karibu kijana wa Bulumbi aliyeitwa kusailiwa katika ofisi iliyoko Busia ya Kenya. Huondoka nyumbani alfajiri kwa bodaboda mpaka barabara kuu, hupanda gari la abiria hadi mpakani, huonyesha kitambulisho chake cha taifa, ambacho tangu mwaka 2014 chatosha kumvusha raia wa Kenya, Uganda na Rwanda bila ya pasipoti, huvuka kwa miguu, kisha husimama mbele ya wabadili fedha na kutoa shilingi za Uganda apate za Kenya, akijua kwamba jioni atazirudisha zitakazobaki, na kwamba kwenda na kurudi kote huko lazima zipungue. Bahasha ya vyeti ameifumbata kifuani isilowe wala isikunjike. Siku ya kwanza huulizwa jina, elimu na makazi, mambo ambayo yamo yote katika barua aliyokwisha kuipeleka. Siku ya pili huulizwa na mtu mwingine maswali yale yale kwa mpangilio mwingine. Siku ya tatu huambiwa kwamba mkubwa aliyetazamiwa kutoka Nairobi hakuwahi kufika, na arudi juma lijalo. Akirudi, na akapewa kazi, nauli aliyokwisha kuitoa ameikopa kwa mama yake aliyeuza mihogo. Na asipopewa, deni liko pale pale. Anayeuliza hulipwa mshahara kwa siku hizo zote za kuuliza; anayeulizwa hutoa fedha yake mwenyewe ili aulizwe.

Watu wa mpakani wanaijua vyema thamani ya kusimamishwa mara moja badala ya mara mbili. Zamani lori lililotoka Mombasa lilisimama upande wa Kenya, likakaguliwa, likasogea hatua chache, kisha likasimama tena upande wa Uganda na kukaguliwa upya kwa karatasi zile zile, na misururu ya malori ikawa mirefu hata ikaonekana kuwa ni jambo la kawaida. Mwezi wa Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walikifungua rasmi kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia, ambamo maofisa wa nchi mbili huketi chini ya dari moja na msafiri hushughulikiwa mara moja tu, upande ule anaoingia. Serikali zote mbili zilikiri kwamba kuichelewesha bidhaa ni hasara kwa mwenye bidhaa. Ikiwa shehena ya ngano imepata huruma hiyo, basi mwana wa Adamu naye anaistahiki.

Wapo watakaosema kwamba kadiri mtu anavyosailiwa mara nyingi ndivyo anavyojulikana zaidi. Kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kiasi hicho kina mwisho, na mwisho wake umepimwa. Kampuni ya Google, ambayo zamani iliwapitisha waombaji katika usaili zaidi ya kumi, ilirudi nyuma na kuchunguza hesabu zake; na Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa idara yake ya watumishi, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2015, Work Rules!, kwamba usaili wa mara nne ulitosha kubashiri kwa uhakika wa asilimia 86 iwapo mtu aajiriwe au asiajiriwe, na kwamba uliozidi hapo uliongeza kidogo mno. Zingatia kwamba hao ni watu wa kuajiriwa moja kwa moja, pengine kwa miaka mingi, katika mojawapo ya kampuni zilizo tajiri kuliko zote duniani. Iwapo mara nne zimewatosha hao, ni hoja gani itakayomlazimu karani wa miezi mitatu apitie mara tano?

Tena namna ya kuuliza ina uzito kuliko idadi ya kuuliza. Mwaka 1998 wanazuoni wawili wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi, wakaona kwamba kumpa mtu sehemu ya kazi aifanye, na usaili wenye maswali yaliyopangwa ambayo kila mwombaji huulizwa sawasawa, hubashiri vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Hesabu zao zilikuja kusahihishwa na wengine, na mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake wakaonyesha kwamba zilikuwa zimezidishwa. Lakini usaili uliopangwa ulibaki juu ya orodha. Maana yake ni kwamba saa moja iliyoandaliwa na mtu anayejua anachokitafuta yashinda siku nne za gumzo.

Nasi watu wa Busia hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza jambo hili, kwa kuwa limefanyika kwetu. Ni katika tarafa za Budalangi na Funyula ambapo, kuanzia mwaka 1998, shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa dawa za minyoo, na Edward Miguel na Michael Kremer wakaupima mpango huo kwa namna iliyokuja kuigwa na watafiti duniani kote. Na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019. Ninalolitaka msomaji alitazame ni jambo dogo katika kazi ile. Walipotaka kujua ni watoto wangapi wanaohudhuria, hawakutosheka na daftari la mwalimu, bali walituma watu wakafika shuleni bila ya kutangaza, wakahesabu vichwa darasani. Tangu siku zile tafiti hazijakoma katika wilaya hizi za mpakani, na vijana wetu wengi wamekula mkate wao kwa kuzunguka nyumba hata nyumba na dodoso mkononi. Basi anayetaka kujua kama binti fulani ni hodari wa kujaza dodoso, na ampe dodoso, amwoneshe mzee aliyeketi kivulini, amwache amhoji kwa Kisamia au Kiteso, kisha alisome alichokiandika. Adhuhuri haitafika kabla ya kujua.

Mafundi wetu waashi wanaishi kwa kanuni hiyo. Mwenye nyumba humpeleka fundi kwenye msingi, huuliza bei, huuliza ni nyumba ya nani aliyoijenga mwisho, kisha huenda kuzitazama kona zake na kupitisha mkono juu ya lipu. Sijapata kumwona mwashi aliyeitwa mara nne kueleza anavyochanganya mchanga na saruji.

Sheria nayo imekwisha kumpa mwajiri kinga anayoihitaji. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Uganda ya mwaka 2006 zote mbili zinaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, na katika kipindi hicho mwajiri aweza kuagana na mfanyakazi kwa notisi fupi, siku 7 nchini Kenya na siku 14 nchini Uganda. Fauka ya hayo, mkataba wa miezi mitatu una mwisho wake uliokwisha kuandikwa, na mwenye kazi asiyeridhika ana njia ya kutousasisha tu. Yeye amelindwa mara mbili, ilhali mwombaji aliyepoteza siku nne hana kifungu hata kimoja cha kumrudishia nauli yake.

Nakiri kwamba mtunza ghala au mshika fedha huhitaji kuchunguzwa uaminifu wake. Lakini uaminifu haupimwi kwa kumuuliza mtu kama ni mwaminifu, hata akiulizwa mara kumi. Hupimwa kwa kuwauliza aliowatumikia kabla, na simu mbili zinatosha. Na pale ambapo wakubwa watatu ni lazima wamwone, waketi meza moja asubuhi moja. Kuna dhuluma nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo ni ile ya kumpa mwombaji kazi ya siku nzima kwa jina la jaribio, pengine kutafsiri kurasa kadhaa au kupanga hesabu za mwezi mzima, kisha kazi ile ikatumika na mwombaji asisikie neno tena. Jaribio likizidi saa mbili, lilipwe ujira wa siku.

Kwa wanaotafuta kazi nasema hivi: simu ya kwanza ikilia, uliza kwa adabu usaili utakuwa wa mara ngapi, nani atakayekuwapo, na jibu litatoka lini. Anayekuuliza maswali ishirini hatakosa pumzi ya kuyajibu hayo matatu. Na waajiri, yakiwemo mashirika na ofisi za wilaya na za kaunti zinazobandika matangazo yao mbaoni pande zote mbili za mpaka, waongeze katika tangazo mstari mmoja unaotaja idadi ya usaili, tarehe yake, na atakayelipa nauli ya mara ya pili.